Tairi la Trela la Boti: Achana na Kashata, Soma Namba

Juzi usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Bagamoyo. "Shikamoo kaka. Nimepata boti ya faiba ya futi 18, trela lake linataka matairi mawili. Kuna jamaa ananiuzia ya mtumba, kashata (yale meno ya tairi) zote zipo, kama mapya, nusu bei. Nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu nikiwa barazani, na mara ya tatu nililazimika kuiweka simu chini, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi Desemba 2021, hapo hapo Bagamoyo, huku nikiwa nimeshika hela mkononi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza miaka sita ya kudunduliza. Boti niliyoipata ilikuwa nzuri, imetunzwa, ina mashine ya nguvu za farasi 40 ambayo ilikuwa ikiwaka kwa mvuto mmoja. Kaskazi ilishaanza, bahari imetulia, na hoteli moja ya ufukweni kusini ya Pangani ilikuwa imekubali nipeleke wageni wao kisiwa cha Maziwe msimu wote wa sikukuu. Nani kati yetu hajaota kazi kama hiyo? Kilichobaki ni kuifikisha boti Tanga. Trela lilikuwa na matairi yaliyokwisha kabisa, nikanunua mawili ya mtumba, saizi 175/70 R13, ya gari ndogo. Niliingiza kidole kwenye kashata, kikazama. Nikauliza kama yanafaa kwa trela. Muuzaji akanijibu, "Tairi ni tairi, mzee." Nikaridhika.

Bagamoyo hadi Msata hakuna shida. Wami nimevuka, Mbwewe nimepita naimba. Mkata nikanunua machungwa. Kabla sijafika Kabuku, saa saba mchana, lami inachemka, nikasikia mlipuko, na palepale trela likaanza kuniyumbisha kulia na kushoto. Nilikaza usukani, nikaachia mafuta taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, hadi likasimama pembeni. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu kila ninapopita pale. Lakini mpira ulikuwa umechanika vipande vikubwa, umeng'oa madigadi na kuipiga boti chini ubavuni hadi faiba ikapasuka urefu wa mkono. Nikashusha tairi la akiba. Rimu yake ina matundu manne ya nati. Habu yangu, kile kitovu kinachofungwa rimu, ina matano.

Nililala ndani ya boti, kando ya barabara, kilomita nyingi kutoka baharini, siku mbili. Siku ya pili mtu wa hoteli akapiga simu. Sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, ana wageni wake. Ila alisema, "Tumeshapata mwingine. Wewe hujawa mtu wa kazi hii." Miaka imepita na bado nayasikia maneno hayo nikiwa nafunga nati.

Aliyenifungua macho ni fundi tairi mtu mzima aliyeletwa na bodaboda. Hakugusa lile lililopasuka. Alikwenda kwenye lile zima, akalowesha kitambaa, akafuta ubavu wa tairi, akaniambia soma. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kulikuwa na namba nne: 1409. Wiki ya 14 ya mwaka 2009. Tairi la miaka 12! Kisha akalibonyeza, nikaona nyufa ndogondogo kama tope la jaruba wakati wa kiangazi. Kashata zilikuwa nzima kwa sababu halikutembea, lilikaa tu likaukia juani.

Hilo ndilo jambo ambalo wenzangu wenye trela hawataki kulisikia. Gari linamaliza tairi kwa kutembea. Trela la boti linamaliza tairi kwa kusimama. Sisi huku Tanga tunaweka trela juani kuanzia masika hadi kusi inapopungua, na miezi yote hiyo jua na hewa vinaula mpira. Kwa hiyo hesabu umri. Mimi likifika miaka mitano nalitoa, hata likiwa na kashata za siku ya kwanza. Watu wananiambia naharibu hela. Waache waseme.

Akanionyesha namba nyingine, ile 82 iliyofuata baada ya saizi. Hiyo ni namba ya mzigo, na 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475. Mawili ni 950. Nilikuja kuipima boti yangu baadaye kwenye mizani ya ghala moja: boti yenyewe, mashine, trela la chuma, lita 100 za petroli ambazo peke yake ni kama kilo 75, nanga, kamba, majaketi, sanduku la barafu. Jumla kilo 1,150 na ushee. Hata ukitoa kiasi kidogo kinachobebwa na ndoano ya gari, nilikuwa nimezidisha. Sasa natumia 185R14C. Hiyo C ya mwisho ndiyo ya kuitafuta, ni matairi ya magari ya mizigo midogo, ubavu wake ni mgumu, na yangu yana namba 102, yaani kilo 850 kila moja. Marekani wana matairi ya trela hasa, yanaanza na herufi ST, na ukiyapata mapya ni mazuri, ingawa baadhi yake yametengenezwa kwa mwendo usiozidi kilomita 105 kwa saa. Huku kwetu ya C ndiyo utakayoyapata dukani bila kuhangaika.

Upepo. Hapa mafundi wengi wanakosea kwa nia njema, wanakuwekea psi 30 (psi ndicho kipimo cha upepo) kama ya saluni. Tairi langu limeandikwa ubavuni kiwango chake cha juu, psi 65, na mzigo ukiwa umejaa najaza hapo hapo, asubuhi kabla ya kutembea, tairi likiwa baridi. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja kila linapozunguka, kujikunja kunaleta joto, na joto ndilo linalobandua kashata na kupasua. Nunua kipimo chako mwenyewe. Usikubali mtu apige tairi teke akakwambia limejaa.

Halafu maji chumvi. Ukifika ufukweni usikimbilie kuzamisha trela. Habu ikiwa ya moto ikaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita sili, grisi inageuka maziwa na beringi inaanza kula kutu. Shika habu kwa kiganja, kama inachoma, subiri, kunywa chai. Ukitoka baharini mwagia maji ya bomba yasiyo na chumvi, rimu, nati, kila kitu.

Trela likikaa, linyanyue kwa jeki, weka magogo chini ya ekseli, funika matairi hata kwa viroba. Akiba iwe na matundu sawa na habu, ijaribu nyumbani, siyo Kabuku. Nati zikaze tena baada ya kilomita hamsini sitini. Kutoka Bagamoyo, hiyo ni Msata.

Mwezi uliopita nimevuta boti ya mteja njia ile ile, Bagamoyo hadi Raskazone, hapa Tanga. Nimesimama mara tatu, kila mara nimeshika habu, zote vuguvugu tu. Pale kabla ya Kabuku nilipunguza mwendo, siyo kwa hofu, ni kwa heshima ya mahali nilipofundishwa. Leo wenye boti wananipigia mimi niwavutie zao, na kwa hilo najivunia.

Ndugu zangu, mnahesabu lita za mafuta, mnapaka boti rangi kila mwaka, mnabishana mashine gani ina nguvu, halafu mnaiweka mali yote hiyo juu ya mpira uliookotwa nyuma ya gereji. Wageni wako watapanda vipi boti isiyofika? Mkeo utamwambia nini miaka sita ya akiba ikiwa imelala mtaroni?

Mdogo wangu wa Bagamoyo, kesho asubuhi nenda kwa huyo jamaa na tochi na kitambaa kilicholowa. Futa ubavu wa tairi, pande zote mbili maana namba hizo nne mara nyingi ziko upande mmoja tu, na nitumie picha yake pamoja na namba ya mzigo kabla hujatoa shilingi. Picha ya kashata usinitumie.