India 1932: hawakwenda Lord's kusindikiza

Kwa aliyeuliza kama India ilidhalilishwa kwenye Testi yake ya kwanza (mechi ndefu ya kriketi kati ya mataifa), dhidi ya Uingereza kwenye uwanja wa Lord's, London: hapana kabisa. Juni 1932, mrushaji wa India Mohammad Nissar aliwang'olea vigingi, yaani aliwatoa, wapigaji wa Uingereza Sutcliffe na Holmes, watu ambao siku chache nyuma walikuwa wamepata mikimbio 555 kwa pamoja wakiichezea timu ya Yorkshire! Woolley naye akatolewa akikimbia, Uingereza ikawa na mikimbio 19 kwa wiketi 3, yaani wapigaji watatu wametolewa. Nissar alimaliza zamu hiyo na wiketi 5. Aliyewaokoa Waingereza ni nahodha wao Jardine, aliyepata mikimbio 79 zamu ya kwanza, halafu 85 bila kutolewa zamu ya pili. Ndiyo, India ilifungwa kwa mikimbio 158, lakini hata Amar Singh, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kurusha, alipiga mikimbio 51. Na walipewa Testi moja tu msimu mzima. Walistahili angalau tatu.