Kabla hujanunua kamera isiyo na kioo

Ukianza kazi ya picha leo utaambiwa DSLR, yaani kamera za zamani zenye kioo ndani, zimekufa. Si kweli, bado zinapiga harusi kila Jumamosi. Ila tangu Canon walipotoa EOS R na Nikon wakatoa Z6 na Z7 mwaka 2018, nguvu yao imehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Bodi (kamera bila lenzi) ya DSLR iliyotumika inatosha kujifunzia. Pesa yako iweke kwenye lenzi utakazohama nazo.

Lenzi za Canon EF, zile za DSLR zao, zinahama bila shida. Zimetengenezwa zikae milimita 44 kutoka kwenye sensa (kipande kinachopokea picha), na kwenye bodi za RF, zao zisizo na kioo, umbali huo ni milimita 20. Adapta ni bomba la kujaza hizo 24, lenye waya za mawasiliano, na fokasi inaendelea kujivuta yenyewe. Kwa Nikon kuwa makini: lenzi za AF-D hazina mota, huzungushwa na ya ndani ya bodi, na adapta ya FTZ, ya kuzihamishia kwenye Nikon zisizo na kioo, haina mota hiyo. Utafokasi kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S, zenye mota yake.

Kinachowaumiza wengi ni shata ya kielektroniki, isiyo na pazia linalofunguka na kufunga. Wanaipenda kwa sababu haina kelele, wanaingia nayo ukumbini, kesho yake gauni jeupe la bibi harusi lina mikanda ya giza kutoka kifuani hadi miguuni. Sensa nyingi husoma picha mstari kwa mstari, si kwa mpigo mmoja. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya LED ya bei rahisi hufifia mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, mistari mingine inasomwa taa imewaka, mingine imefifia. Kuisafisha mikanda hiyo kwenye kompyuta ni mateso.

Rudi kwenye shata ya kawaida, ya pazia, kasi iwe 1/100 au 1/50, ili kila mstari upate mzunguko kamili wa taa. Taa za jukwaani zenye kupunguzwa mwanga zina mapigo yake, kwa hiyo kabla wageni hawajaingia piga fremu tano za ukuta mweupe na uzikuze kwenye skrini. Kumbuka pia kwamba kwenye kamera nyingi flashi haiwaki ukiwa kwenye shata ya kielektroniki. Sony a9 III ya mwaka 2023 husoma sensa yote kwa pamoja na imeondoa tatizo la mikanda, lakini bei yake si ya anayeanza.

Skrini ndogo ya ndani unayochungulia inakula betri: harusi ya kutwa nzima, beba tatu. Ukibadilisha lenzi zima kamera na elekeza mdomo wake chini, maana hakuna kioo cha kuikinga sensa na vumbi. Likiingia tumia bloa ya mkono. Usipulize kwa mdomo, mate yanaganda.

Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Hizo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 tu kwa sekunde, na kadi yenye alama ya kasi ya V30 inahakikisha 30, hivyo usiuziwe ya V90, yenye kasi zaidi, kwa kazi hiyo. Tofauti ya bei nunua kadi ya pili.