Kucheza mechi 2 za kufuzu hakumfungi mchezaji kwenye taifa hilo moja kwa moja

Mkuu, umeuliza kama kijana wa miaka 20 aliyecheza mechi 2 za kufuzu akiwa timu ya wakubwa bado anaweza kuhamia taifa la mama yake. Anaweza, ila ngoja kidogo. Tangu 2020 FIFA inaruhusu asiyezidisha mechi 3 timu ya wakubwa, zikiwemo za kirafiki, za mashindano zote ziwe kabla ya kutimiza miaka 21, na iwe imepita miaka 3 tangu ya mwisho. Akigusa fainali za Kombe la Dunia au za bara, hata dakika moja, amekwisha. Aliyecheza za kirafiki tu hafungwi. Kiungo Declan Rice alicheza 3 za kirafiki za Ireland, akaenda Uingereza.

Wengi hukwama kwenye pasipoti: siku ya mechi yake rasmi ya kwanza ilibidi tayari awe na uraia wa taifa analotaka kuhamia. Akiupata baadaye, ombi linaweza kugonga mwamba. Kusubiri nako kupo: mshambuliaji Munir El Haddadi aliingia dakika za mwisho tu akiwa na Hispania 2014, akasubiri hadi 2021 kuichezea Morocco. Halafu ombi likishawasilishwa, hachezei taifa lolote mpaka lijibiwe.