Beji za mionzi bila taarifa za sigara: hesabu itakupeleka wapi?

Ndugu, umeuliza kama rekodi za beji zinazopima mionzi wanayopata wapiga eksrei wa Uganda zinatosha kukadiria hatari ya saratani, wakati hakuna aliyeandika nani anavuta sigara. Kwa lukemia, saratani ya damu, endelea tu, sigara inaigusa kidogo. Kwenye mapafu ndipo penye kazi.

Sigara haipotoshi kwa sababu tu wavutaji wapo. Wakiwa sawa katika makundi yote, ulinganisho unabaki salama. Inapotosha pale uvutaji unapopanda au kushuka pamoja na dozi ya mionzi. Tuseme hatari ya mvutaji ni mara 10 ya asiyevuta, wavutaji ni asilimia 12 kwenye dozi kubwa na asilimia 8 kwenye dozi ndogo. Hatari ya asiyevuta ihesabu 1. Kundi la kwanza: 0.88 + (0.12 × 10) = 2.08. La pili: 0.92 + (0.08 × 10) = 1.72. Gawanya, unapata 1.21. Saratani ya mapafu imezidi kwa asilimia 21 na mionzi haijagusa mtu!

Sasa pima na INWORKS, utafiti wa wafanyakazi zaidi ya 300,000 wa nyuklia wa Ufaransa, Uingereza na Marekani. Matokeo ya 2023 yalikuwa ongezeko la 0.52, yaani asilimia 52, kwa kila grei (kizio cha dozi ya mionzi) katika vifo vya saratani zisizo za damu. Kwa miligrei 100, sehemu ya kumi ya grei, hiyo ni kama asilimia 5, na wapiga eksrei wengi wa leo hawafikishi dozi hiyo maisha yao yote ya kazi. Tofauti ndogo ya uvutaji inakumeza. Na ikiwa wenye dozi kubwa ndio wanaovuta kidogo, hatari ya kweli itafichika.

Bila data ya sigara, kwanza tenganisha kwa jinsia, mwaka wa kuzaliwa na kada. Daktari na msaidizi wa chumba hawavuti sawa. Kisha ondoa saratani ya mapafu, urudie hesabu. INWORKS walifanya hivyo 2015: ongezeko la 0.47 kwa kila grei likawa 0.46, kwa hiyo sigara haikuwa ndiyo inayobeba matokeo. Ondoa pia saratani za koo, umio na kibofu, nazo huletwa na sigara.

Wengine hutazama ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: ukipanda na dozi, shuku sigara. Kwetu kipimo hicho nakiamini nusu tu, maana moshi wa kuni na makovu ya kifua kikuu huleta picha ileile.

Bora uhoji sampuli ya wafanyakazi. Usiulize "unavuta?" peke yake, aliyeacha mwaka jana atajibu hapana. Uliza alianza lini, sigara ngapi kwa siku, aliacha lini. Shisha iulize kwa faragha; imepigwa marufuku na sheria ya tumbaku ya 2015, hivyo wengi wataikana. Kipimo cha kotinini, mabaki ya nikotini, kwenye mkojo hakitakuokoa hapo: kinaonyesha siku chache zilizopita, wakati saratani unayoihesabu imeanza miaka mingi nyuma.