Kabla Hujaandika Mtaala Mpya, Hesabu Walimu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa idara ya jirani aliingia ofisini kwangu na rundo la karatasi alilolibana kwa klipu kubwa nyeusi. "Shikamoo Dokta. Naomba unipitishie jicho kwenye lugha tu, mengine yote tayari." Ilikuwa rasimu ya mtaala wa shahada mpya, kurasa 94. Sikuanza na ukurasa wa kwanza. Nilifunua mpaka kwenye jedwali la walimu. Lilikuwa na majina mawili, na chini yake mistari mitano imeandikwa "ataajiriwa".

Nikamwambia akae, nikaagiza chai. Hapo hapakuwa na shida ya lugha.

Nimeongoza uandishi wa mitaala mitatu kwenye chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Mmoja ulipita vizuri, mmoja ulipita kwa kusuasua, mmoja ulifia njiani. Huo uliokufa ndio ulionisomesha, kwa hiyo ninayoyaandika hapa mengi yametoka kaburini kwake.

Wazee wetu wa chuo bado wanasema, "Seneti ikishapitisha, imekwisha." Seneti ni baraza kuu la taaluma la chuo, na walikuwa sahihi kwa zama zao. Lile baraza la ithibati la mwaka 1995 kazi yake kubwa ilikuwa kuvitazama vyuo binafsi, ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza. Mwaka 2005 ikaja Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vya umma na vya binafsi vikawekwa kwenye mzani mmoja. Tangu hapo Seneti ni kituo tu, safari inaendelea. Idara ikishaandika, mtaala unakwenda bodi ya ndaki (ndaki ni kundi la idara zinazokaribiana), kamati za Seneti, Seneti yenyewe, ndipo unapandishwa kwenye mfumo wa TCU. Tume inawapa wataalamu wa fani hiyo kutoka vyuo vingine wausome, maoni yanarudi kwenu, mnayajibu moja baada ya jingine. Cheti na stashahada vina mlango wake, NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, wenye ngazi zake za tuzo, NTA, na muundo wake wa kuandika. Usichukue mtaala wa shahada ukaupunguza urefu ukadhani umepata stashahada. Nimeona watu wazima wakijaribu.

Turudi kwa walimu. Msomaji wa TCU hasomi utangulizi wako mtamu kuhusu uchumi wa viwanda. Anauliza kozi hii atafundisha nani, ana shahada gani, katika fani ipi, na yupo chuoni au yupo masomoni ng'ambo. Mtaala wetu uliokufa ulikuwa wa sayansi ya chakula. Tulijaza majina tisa. Maoni yaliporudi tukakuta watatu kati ya hao wameorodheshwa pia kwenye programu nyingine mbili za ndaki yetu, na mmoja ana shahada ya kwanza ya kemia, ya uzamili ya utawala wa biashara. Ni mwalimu mzuri mno, wanafunzi wanampenda, lakini kwenye jedwali lile hakuwa mwalimu wa chakula. Ukiwatoa hao, ukamtoa na mama mmoja aliyekuwa amebakiza miezi saba kustaafu, walibaki wanne. Programu ya miaka mitatu, walimu wanne. Hata mimi ningeikataa.

"Tutaajiri" si jibu kwa chuo cha umma, na kila mtu pale ndani anajua kwa nini. Kibali cha kuajiri hakitoki kwa mkuu wa idara wala kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Kinatoka serikalini, na kikitoka kinaweza kuja na nafasi mbili ulipoomba kumi. Halafu hizo mbili uwapate wenye ufaulu unaotakiwa. Sisi tulikuwa tunatafuta wastani wa ufaulu, GPA, wa 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, katika fani ambayo nchini wanaihitimu watu wa kuhesabu. Kwa hiyo ukitaka programu ianze miaka mitatu ijayo, leo peleka watu masomoni. Mtaala unaweza kuandikwa kwa mwezi mmoja, mwalimu haandikwi.

La pili ni wadau. Mkutano wa wadau umekuwa kama arusi: ukumbi, bango, chakula, picha ya pamoja, kila mtu anasifu. Sisi wa kwanza tuliufanya hivyohivyo. Wa pili tulikwenda wenyewe kiwandani, kiwanda cha juisi, tukasimama na msimamizi wa zamu, mtu wa makamo mwenye koti jeupe lenye madoa ya embe. Akachukua kifaa kidogo cha kupimia sukari, akadondosha tone la juisi juu yake, akampa mmoja wetu asome. Profesa wetu akakigeuza juu chini, akakielekeza dirishani, akasoma namba isiyo yenyewe. Yule bwana hakucheka. Alisema tu, "Wanafunzi wenu nao wanakuja hivyo, nawafundisha wiki mbili ndipo waanze kazi."

Tulirudi tukatoa kozi mbili za nadharia tukaweka mafunzo ya vitendo ya muhula mzima. Profesa aliyekuwa anafundisha moja ya kozi hizo alininunia mpaka sikukuu. Lakini kwenye maoni ya TCU sehemu ile haikuguswa hata kwa alama ya kuuliza, maana tuliambatisha maelezo ya kiwandani yenye tarehe, majina ya vitengo na vifaa wanavyotumia. Tangu HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulipoanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vya umma vimeunda kamati za ushauri zenye watu wa viwandani. Zitumieni. Zisiwe majina ya kujazia ukurasa.

Na tafadhali, ukichungulia mitaala ya vyuo vya nje, chungulia tu. Kwenye rasimu moja niliyopewa kuhakiki nilikuta mada ya kuhifadhi matofaa majira ya theluji. Mwandishi yuko Morogoro.

Krediti ndizo zinazowaliza wengi, ilhali ni hesabu za darasa la nne. Krediti moja ni saa 10 za mwanafunzi, si za mwalimu: darasani, maabara, kujisomea, kazi za nyumbani, mitihani, vyote humo. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Maana yake krediti 60 kwa muhula, saa 600, na ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki. Mwanafunzi tayari ana kazi ya mtu mzima. Ndiyo maana kila mwalimu anaposema "hapa tuongeze kakozi kadogo", muulize katoke kapi.

Mtaala wetu uliopita kwa kusuasua ulirudishwa na hoja 27, na hoja ya kwanza kabisa ilisema jumla ni 356. Tulibisha. Tukakaa usiku watu wanne na kikokotoo, chai ya rangi na karanga. Jedwali la ukurasa wa 14 lilisema kozi fulani ina krediti 12. Maelezo ya kozi hiyohiyo, ukurasa wa 61, yalisema 8. Watu wawili waliandika sehemu mbili, hakuna aliyeketi kuzilinganisha. Teueni mtu mmoja mkorofi wa namba, asiandike chochote, kazi yake iwe kujumlisha tu.

Kuna na pesa. Uhakiki unalipiwa, na malipo ni kwa kontroo namba ambayo ina tarehe ya kuisha. Yetu iliisha ikiwa mezani kwa mhasibu, fungu halina hela. Tukaomba nyingine. Miezi miwili ikaenda hivyo, na dirisha la udahili halikutusubiri. Wekeni gharama hiyo kwenye bajeti ya mwaka mmoja kabla.

Fani zenye bodi, kama uhandisi, uuguzi, famasi au uhasibu, mwoneni mwenye bodi mapema, akiwa bado mshauri. Kenya, wahitimu wa uhandisi zaidi ya 100, wakiwamo wa Egerton na Masinde Muliro, walifikisha kesi Mahakama ya Juu kwa sababu bodi ya usajili haikuzitambua programu walizosomea. Walisoma, wakavaa majoho, wakaenda kortini.

Hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo bado linaniuma. Mwaka mmoja chuo chetu kilipeleka bango la programu mpya kwenye maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, barua ya TCU haijatoka. Mimi nilikuwepo bandani. Mama mmoja kutoka Singida alinikabidhi vyeti vya binti yake ndani ya bahasha ya kaki, akaniuliza kama mkopo upo. Nilimjibu kwamba tunategemea. Barua haikutoka mwaka ule, binti akaomba nafasi kwingine awamu ya tatu, zilipobaki programu zisizotakwa na mtu. Mzazi, bango lisikutoshe, wala sura ya mwalimu mwenye tai. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huohuo, tafuta jina la programu lilivyo, neno kwa neno, chini ya chuo hicho. Kama halimo, funga bahasha yako.

Yule kijana amerudi jana. Rundo limepungua, jedwali la walimu sasa lina majina manne ya watu walio hai na wenye ofisi, na la tano la binti aliyeko Chuo Kikuu cha Sokoine akimalizia uzamili.

"Umeongea naye?" nikamuuliza.

"Bado, Dokta."

Nikamsogezea simu.