Maswali na Majibu: Ganda la Kunde Lina Kazi Yake

Karanga ni mzizi au ni mbegu? Tunabishana kijiweni. (Msomaji, Dodoma)

Swali hili linarudi kila msimu, na jibu ni lilelile: karanga ni tunda. Ganda ndilo tunda, punje za ndani ndizo mbegu, sawa na kunde au choroko. Ng'oeni shina moja mtazame badala ya kubishana. Ua la njano huchanua juu ya ardhi. Likishachavushwa, kikonyo chake hurefuka kuelekea chini, hupenya udongo, na ganda huvimba humo gizani. Njugu mawe nazo hufanya hivyo, lakini asili yake ni Afrika na ya karanga ni Amerika Kusini. Ni matawi tofauti ya jamii moja ya mikunde, na kila moja lilifikia kuzika matunda kwa njia yake.

Mkulima azingatie hili: ganda la karanga hunyonya kalisiamu moja kwa moja kwenye udongo unaolizunguka. Ikikosekana, utavuna maganda matupu hata kama majani yamestawi, na urea haitakusaidia.

Mkwaju hauna uhusiano wowote na maharage, sivyo? (Msomaji, Tabora)

Unao, ni jamii moja. Ganda lake liliacha kupasuka, likajaa nyama chachu inayowavuta wanyama wabebe mbegu.

Kwa nini kunde pori hupasuka zenyewe na za shambani hazipasuki ovyo? (Msomaji, Makueni)

Laiti ningeulizwa hili kila wiki. Chukua ganda bichi la kunde ulifungue taratibu kwenye mshono. Mbegu zote zimeshikwa upande mmoja: moja itabaki nusu ya kushoto, inayofuata nusu ya kulia. Kwenye kuta za ganda kuna nyuzi zilizolala mshazari. Ganda la porini likikauka, nyuzi hizo husinyaa na kuivuta kila nusu ijisokote, mpaka mshono unaachia na mbegu zinaruka mbali na mmea mama.

Wakulima wa kale wa Afrika walivuna maganda yaliyobaki yamefungwa, maana yaliyopasuka yalikwisha kumwaga. Wakayapanda tena, kizazi baada ya kizazi, hadi ganda likapoteza nguvu ya kurusha. Ngozi ya mbegu nayo ikalainika. Mbegu ya kunde pori yaweza kulala ardhini ikisubiri. Ya kwetu huota mara ipatapo maji.

Kwa hiyo kunde ya shambani haiishi bila mkono wa mtu. Ndiyo maana huniuma nikisikia familia imekula mbegu yake yote ya kienyeji kwa kutegemea duka msimu ujao. Aina hiyo hutaikuta porini. Ikiisha kwako na kwa jirani, imeisha. Tengeni debe la mbegu kabla ya kupika, na msifyeke kila kichaka chenye kunde pori, kwani humo watafiti hutafuta ukinzani wa wadudu na magonjwa.

Nimeokota komwe ufukweni Pangani na hakuna mkomwe karibu. Zimetoka wapi?

Baharini. Ngozi yake haipitishi maji na ndani mna uwazi wenye hewa, hivyo huelea muda mrefu na bado huota. Ndiyo sababu mkomwe umeenea pwani za tropiki duniani kote. Ukitaka kuipanda, ikwangue kwanza kwa tupa.

Jamii hii ya mikunde ina umri gani? (Mwanafunzi, Singida)

Colorado, Marekani, yamepatikana maganda ya visukuku ya miaka takriban milioni 65, muda mfupi baada ya dinosaria kutoweka. Na hapo kwenu, Mahenge ya Singida, si ile ya Morogoro, kumepatikana visukuku vya mikunde vya miaka milioni 46. Walimu wa Singida, wafundisheni watoto jambo hili. Leo jamii hii ina spishi karibu 20,000.

Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, naweza kumtungia mtoto shanga?

Usithubutu. Ni mbegu za mturituri. Ganda lake hupasuka lakini mbegu hubaki zimening'inia, na hudhaniwa kwamba rangi hiyo huwahadaa ndege wazione kama matunda yenye nyama. Mtoto naye huhadaika. Ngozi ya mbegu ikitobolewa au kutafunwa, sumu kali hutoka, na dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi. Mtoto akiitafuna, mpelekeni hospitali papo hapo, hata kama anacheza.