Kwa nini ndege ya St Helena hushuka kwanza Namibia

Mafuta tu, abiria habadilishi ndege. Kisiwa cha St Helena kiko katikati ya Atlantiki ya Kusini, na uwanja wa ndege wa karibu zaidi, ulio kisiwa cha Ascension, uko kama km 1,300. Kwa hiyo Embraer E190 ya Airlink, shirika la ndege la Afrika Kusini, ikitoka Johannesburg hujaza mafuta Namibia, huko Walvis Bay au Windhoek, ili ikifika na kushindwa kutua iwe na akiba ya kurudi bara.

Na kushindwa kutua si nadra sana. Njia ya kurukia imejengwa juu ya mwamba, mita 300 hivi toka usawa wa bahari. Upepo wa kusini-mashariki, ambao huvuma karibu mwaka mzima, hupiga majabali yale na kuvurugika, hasa upande wa kaskazini. Rubani akija kutokea huko anaukabili upepo kwa mbele, ambavyo ndivyo inavyotakiwa, ila karibu na kugusa ardhi kasi na mwelekeo wake hubadilika ghafla. Akija kutokea kusini hewa ni tulivu zaidi, lakini upepo unamsukuma kwa nyuma na breki zinahitaji njia ndefu. Jaribio la kutua la ndege kubwa zaidi, Boeing 737-800, la Aprili 2016 ndilo lililoonyesha ukubwa wa tatizo. Safari za ratiba zikasubiri hadi Oktoba 2017, tena kwa ndege ndogo yenye abiria wachache kuliko viti vyake.

Ukikata tiketi ya ndege nyingine ya kuunganisha Johannesburg, usiipange siku ileile unayorudi kutoka kisiwani. Mawingu yakishuka, ndege husubiri hadi kesho yake. Bima ya matibabu inayolipia kusafirishwa mgonjwa ni lazima.